Kabla Hujaigusa Kabureta

Wanangu mnaoshika spana hapa Sitalike, na ninyi mnaoendesha magari ya watu kati ya Mpanda, Kibaoni na Majimoto, nina neno nanyi. Mmekulia kwenye gari linalojieleza. Unachomeka kimashine chini ya usukani, kioo kinawaka, ugonjwa unaandikwa kwa herufi na tarakimu, kazi yako inabaki kwenda dukani. Halafu siku moja linasukumwa kwako Land Rover la mwaka 1978. Linamisi, halikai sailensi, na likipanda kilima kidogo linachemsha. Unatafuta soketi ya mashine, hakuna. Basi mkono unakwenda kwenye bisibisi, na bisibisi inakwenda moja kwa moja kwenye kabureta.

Huo mkono ndio ninaotaka kuuzuia.

Kabureta husingiziwa mno. Ukifungua boneti iko juu, inakutazama, ina skrubu zinazozungushika bila kufungua kitu kingine. Dereva kazungusha, utingo kazungusha, jirani mwenye duka la vipuri naye kazungusha akipita. Mpaka gari linafika kwako hakuna ajuaye skrubu ile ilikuwa wapi. Na wewe ukiizungusha unaongeza jina lako kwenye orodha. Mengi ya magari niliyoletewa kwa "ugonjwa wa kabureta" yalikuwa yanaumwa cheche.

Kosa jingine ni kuyatenga maradhi mawili. Kumisi mnampelekea fundi injini, kuchemsha mnampelekea fundi rejeta, na kila mmoja anafungua upande wake na kudai fedha yake. Yakija pamoja, mwanangu, yachukulie kuwa ni ugonjwa mmoja mpaka gari lenyewe likukatalie. Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto lake lina njia tatu: kusukuma pistoni, kutoka kwa ekzosi, au kuingia kwenye chuma na maji. Ikiwaka kwa wakati wake, pistoni inachukua fungu zuri. Ikiwaka kwa kuchelewa, pistoni imeshaanza kushuka, msukumo unapotea, na joto lililokosa kazi linaishia kwenye hedi na kwenye maji. Dereva anaona gari halina nguvu, anakanyaga mafuta zaidi, joto linazidi. Ni kama mtu anayesukuma baiskeli ambayo imeshashika mteremko: jasho linamtoka, baiskeli haimsikii.

Kwa hiyo anza kwenye distributa. Toa kofia, toa rota, inama utazame vizuri, tena uwe na taa. Utaona vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Hizo ndizo pointi. Pembeni yake kuna kisigino kidogo kigumu kinachosuguana na mhimili wa katikati. Mhimili huo kwenye injini ya silinda nne una pembe nne. Kila pembe ikipita, kisigino kinasukumwa, pointi zinaachana, na papo hapo koili inatema cheche kwenda kwenye plagi. Sasa fikiria vumbi la kiangazi cha Katavi, lile jekundu linaloingia hadi kwenye saa ya mkononi, limechanganyika na mhimili mkavu ambao hakuna aliyeupaka grisi tangu gari liuzwe mnadani. Kisigino kinaliwa. Kikiliwa, nafasi kati ya pointi inapungua, na ikipungua zinachelewa kuachana, na zikichelewa cheche inachelewa. Hakuna skrubu iliyolegea, hakuna waya uliokatika, na hata hivyo gari limekuwa zito, linatetemeka na linachemsha. Mmiliki ameshanunua rejeta mpya.

Land Rover lenye injini ya petroli ya lita 2.25 linataka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40 pointi zikiwa zimeachana kabisa. Nunua fila geji. Najua mnapima kwa kipande cha boksi la sigara, na najua limewahi kuwafikisha watu nyumbani, lakini boksi la sigara ni la kukufikisha gereji, halipaswi kutumika ndani ya gereji. Ukishaseti, paka grisi kwenye mhimili, kiasi cha punje ya mtama tu. Ikizidi itarukia pointi, nazo zitaungua.

Baada ya hapo pima taimingi. Huhitaji chombo cha gharama. Balbu ndogo ya volti 12, waya mmoja unashika pale waya mwembamba wa koili unapoingia kwenye distributa, mwingine unashika bodi. Washa swichi, zungusha injini polepole kwa hendeli. Balbu itawaka pale pale pointi zinapoachana, nawe utatazama alama ya kwenye puli iko wapi. Plagi ziwe zimetolewa, mkono usije ukapigwa na hendeli. Wazee wenzangu wapo wenye vidole gumba vilivyopinda kwa sababu hiyo.

Usiifunge distributa bado. Upande wake kuna kikopo bapa chenye mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Kazi yake ni kuwahisha cheche gari linapokwenda mwendo mwepesi. Chomoa mpira kwenye kabureta, unyonye kwa mdomo, ziba kwa ulimi. Ukishika ulimi na kubaki umeng'ang'ania, ngozi ya ndani ni nzima. Ukipumua tu bila kushika, imetoboka, na tundu hilo hilo linaingiza hewa isiyotakiwa. Kisha rudisha rota, ipinde kwa vidole upande inakozungukia, iachie. Irudi yenyewe kwa chemchemi. Ikibaki palepale, vile vyuma vya chini vimeganda kwa kutu na mafuta makavu.

Mnanitazama kama mtu anayezunguka mbuyu, kwani bado sijasema lolote la maji wala la kabureta. Subirini.

Sasa rudisha plagi, mpira na kofia, liwashe gari, likae sailensi, na kwa koleo lenye mpira chomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine. Ukichomoa na injini ikadhoofika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na mlio usibadilike, umempata mvivu. Hapo angalia mpangilio wa waya kabla ya kumlaumu mtu: injini nyingi za silinda nne, Land Rover ikiwamo, zinawaka 1-3-4-2, na ile 2F ya silinda sita ya Land Cruiser inawaka 1-5-3-6-2-4. Waya mbili zikibadilishana nafasi, gari litapiga chafya kwenye kabureta na fundi ataapa kuwa kabureta ndiyo mbovu.

Kisha toa plagi zote, zipange mezani kwa utaratibu wa silinda, uzisome. Plagi yenye rangi ya hudhurungi haina neno nawe. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi inayong'aa kwa unyevu wa oili, ringi au valvu. Nyeupe, tena yenye vipele vya kuungua, hewa imezidi au moto umezidi, na hiyo ndiyo ya kukaa nayo kitako kwa sababu ndiyo inayoongozana na kuchemsha. Na ukikuta moja imetoka safi mno, imeoshwa, ilhali wenzake wana rangi, shuku maji: gasketi ya hedi inavujisha ndani ya silinda hiyo. Silinda mbili zinazopakana zikiwa zimekufa pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Hapo ndipo kumisi na kuchemsha vinapokuwa na baba mmoja asiye na mzaha. Thibitisha injini ikiwa baridi: jaza rejeta hadi mdomoni, acha wazi, washa. Mapovu yakitoka mfululizo kabla maji hayajapata hata joto la kunawia, funga boneti, ukamwandalie mwenye gari kiti.

Plagi ikiwa nyeupe na gasketi ni nzima, tafuta hewa ya wizi. Inapita wapi? Chini ya kabureta inapokalia manifoldi, kwenye gasketi ya manifoldi yenyewe, kwenye mpira wa buster ya breki uliopasuka kwa jua, kwenye kishimo cha bolti ambayo fundi mmoja aliitoa asiirudishe. Kabureta za Zenith za Land Rover zina tabia ya kupinda uso pale mfuniko unapokutana na mwili, hasa mikononi mwa mtu anayeamini kuwa kukaza sana ndiyo ufundi. Mchanganyiko wenye hewa nyingi huwaka polepole, moto wake unaendelea mpaka valvu ya ekzosi inafunguka, na valvu hiyo ndiyo inayoumia. Kwenye sailensi gari litahema juu chini. Dereva atakwambia linatulia ukivuta choki kidogo. Likitulia hivyo, umeshapewa jibu: linalilia petroli kwa sababu hewa imezidi.

Kupima, chukua chupa ya maji, toboa kizibo, nyunyizia kidogo kidogo kuzunguka maungio hayo injini ikiwa sailensi. Mlio ukibadilika, tundu liko hapo. Nimesema maji. Wapo wanaonyunyizia petroli, na wapo wanaoinywesha kabureta petroli kwa kizibo huku mwenzao anapiga staa. Injini ikipiga chafya wakati huo, moto unakujia usoni, na chupa iliyo mkononi ndiyo inayoendeleza kazi. Katika nasaha zote za leo, hii nawaamuru.

Petroli nayo iulize ilikotoka. Kulikuwa na miaka ambayo mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu sana kuliko petroli na dizeli, na wachanganyaji walineemeka. EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Mambo yamepungua sana, lakini chupa za kando ya barabara bado zipo, na dumu lililowahi kubeba dizeli bado linabeba petroli. Mafuta ya taa ndani ya petroli yanaifanya injini igonge inapovuta mzigo, ule mlio wa karanga zinazomwagwa kwenye bati. Kugonga kunaleta joto, joto linaleta kugonga zaidi. Ukisikia mlio huo kwenye kilima, legeza mafuta, punguza gia. Usishindane nao.

Na kuna lile la risasi, ambalo vijana wengi hamkulikuta. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, baada ya kukubaliana Dakar mwaka 2001. Ilikuwa sumu kwa watoto na ilistahili kuondoka. Ila iliacha utando uliokinga viti vya valvu katika injini nyingi za zamani. Bila utando huo, kiti laini kinaliwa taratibu, valvu inazama, nafasi ya tapeti inaisha, valvu haifungi sawasawa, na gari linaanza kumisi likiwa la moto. Kwa hiyo pima tapeti kila mara, hata kama hazipigi kelele. Tapeti inayopiga kelele inakera masikio tu. Iliyonyamaza kwa kubana ndiyo inayounguza valvu.

Sasa maji. Hapa kwetu, kabla hujashuku rejeta ndani, itazame nje. Makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi yako hapa hapa Sitalike, na tangu hifadhi itangazwe mwaka 1974 magari ya hapa hayajawahi kuishi maisha ya lami tupu. Mvua zikiisha, nyasi zinakomaa zikiwa juu kuliko boneti. Gari likipita katikati yake, feni inavuta mbegu, makapi na mabawa ya wadudu mpaka yanajaa kati ya mapezi ya rejeta. Ukisimama mbele ya gari huyaoni, kwa sababu yamezama ndani. Mulika kwa tochi kutoka upande wa injini: mwanga usipopita, hewa nayo haipiti. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukitokea upande wa feni kwenda mbele, kule yalikoingilia. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu, mapezi yatalala yote na utakuwa umeziba kwa mkono wako. Dereva mwenye akili anafunga wavu laini mbele ya rejeta mwezi wa tano, na anausafisha kila jioni. Nyasi hizo hizo hukusanyika juu ya ekzosi na kushika moto, kwa hiyo chungulia chini pia.

Halafu ule mduara wa bati au plastiki unaoizunguka feni. Kwenye magari mengi haupo. Aliyetoa rejeta mara ya mwisho aliona unamsumbua akauacha gereji. Bila huo, feni inazungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti. Utafute, au kata bati utengeneze.

Kama nje ni safi, liache gari lipate moto, lizime, chomoa waya wa betri kwa tahadhari, kisha pitisha kiganja juu ya uso wa rejeta bila kuigandamiza. Sehemu iliyo baridi wakati jirani yake ni ya moto ina mirija iliyoziba. Huo ni mchanga na chumvi. Mto Katuma unapita hapa kijijini, na kiangazi viboko wanajazana kwenye vidimbwi vyake mpaka maji yanageuka uji. Nimeona watu wakichota humo na kumimina kwenye rejeta. Ukiwa umekwama, mimina ufike. Ukifika, yatoe yote, suuza, weka maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, au kulanti ukiwa na uwezo.

Mfuniko wa rejeta nao ni kipuri, si kizibo. Mji wa Mpanda uko juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 97. Mfuniko wa pauni 9 ulio mzima unayabana mpaka yachemke karibu nyuzi 110. Ukiweka wenye mpira uliokufa, au ule wa gari jingine usiobana, umemnyima dereva nyuzi kama 13 alizopewa na mtengenezaji, halafu mnashangaa gari linachemsha bila ugonjwa. Kuufungua ukiwa wa moto, hakuna sababu inayotosha. Subiri mpaka mpira wa juu unabonyezeka kwa vidole bila ubishi. Na usimimine maji baridi kwenye injini iliyopata moto. Hedi ikipasuka hutaisikia, utaiona kwenye bili.

Themostati mnaitoa. Najua. Imekuwa sala ya kwanza ya kila gereji: gari linachemsha, toa themostati. Iliyoganda ikiwa imefunga kweli inachemsha gari, na dawa yake ni kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni na kuitazama ikifunguka au kukataa. Ikikataa, weka mpya. Ukiitoa na kuacha tundu, asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, petroli haigeuki mvuke vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, choki inavutwa muda wote, na baada ya msimu mmoja unaitwa kufanya ovahoo. Kwenye baadhi ya injini maji hupata njia ya mkato yasipite kwenye rejeta ipasavyo, na gari linazidi kuchemsha. Hapo fundi mwingine atafunga feni ya umeme, mwingine atatoboa boneti, na chanzo ni ile pointi iliyoliwa kisigino.

Ninyi madereva wa hifadhini, moja lenu. Likichemsha katikati ya Katavi, kuna nyati na simba ambao hawajui kama umeharibikiwa. Kushuka si uamuzi wa haraka. Ipunguzie injini mzigo, kaa gia ndogo, na kama hita bado ipo ifungue yote, kwa sababu nayo ni rejeta ndogo inayotoa joto la maji. Mtaungua miguu, mtafungua vioo, na mbung'o wataingia. Chagueni: mbung'o au hedi. Geji ikiendelea kupanda, simama mahali pa wazi unapoona pande zote, zima, waite askari wa hifadhi, na msubiri ndani. Likizima lenyewe saa nane mchana mwezi wa kumi na geji haijafika juu, na likagoma kuwaka mpaka jioni, hilo huenda ni petroli iliyochemkia kwenye bomba karibu na ekzosi. Kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba hutosha mara nyingi. Bomba lenyewe lisogezwe mkifika.

Sasa ndiyo, kabureta. Kama cheche ni nzuri, tapeti ziko sawa, hewa haiibiwi na petroli ni safi, ifungue. Kwanza zungusha skrubu ya mchanganyiko kwenda ndani ukihesabu mizunguko mpaka iguse taratibu, andika idadi hiyo kwenye daftari, ndipo uitoe. Safisha jeti kwa upepo, usiingize waya: tundu la jeti likipanuka hata kidogo, gari litakula petroli maisha yake yote. Angalia floti kama haijaingiwa na petroli, itikise sikioni. Badili kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadili kingine.

Jaribio lifanyieni kwenye lami ya kuelekea Mpanda, jua likiwa kali, mkiwa na mzigo. Msiliingize hifadhini siku hiyo. Mkirudi, toeni plagi tena mzisome. Mwenye gari atasema ana haraka, wageni wake wanashuka kesho. Mwonyesheni plagi nyeupe, mtajieni bei ya hedi, na kama bado anataka ufunguo wake, mwandikeni kwenye daftari kuwa ameambiwa, atie sahihi, mpeni.